Nani alipie maji ya kijani?

Februari 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga, Tanga UWASA kwa kifupi, iliingiza sokoni hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12. Hakuna mamlaka ya maji Tanzania iliyokuwa imewahi kwenda kukopa kwa njia hiyo moja kwa moja kwa wananchi na taasisi, na baadaye hatifungani hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Tangu hapo maongezi yamechanganyika. Wapo walioelewa kwamba serikali imejitoa kwenye maji, kila mji ujitafutie. Wapo waliodhani wananunua hisa ili wawe wamiliki na kupata gawio. Wengine waliichanganya na Kijani Bond ya benki ya CRDB ya mwaka 2023 kwa sababu majina yanashabihiana, ingawa ile ni ya benki ya biashara na hii ni ya kujengea miundombinu ya maji. Na karibu kila aliyeuliza alimalizia na swali lilelile: bili itapanda?

Mkanganyiko huo una sababu. Mradi mmoja wa maji siku hizi unaweza kubeba fedha za bajeti, tozo ya mafuta, mkopo wa nje, ruzuku ya mfuko wa tabianchi na bili ya mteja, zote ndani ya bomba moja, kisha juu yake likabandikwa neno "kijani". Anayesoma ubao wa mradi kando ya barabara haoni nani amelipa nini, nani atadaiwa kesho, wala ukijani wenyewe umekaa wapi.

Inafaa kulifungua fungu hilo kijiti kwa kijiti. Msimamo wangu niuseme mapema ili msomaji anipime nao. Fedha za kijani zimekuwa zikilifuata bomba na kukiacha chanzo. Kwa kuwa fedha ya kodi haidai riba, ndiyo yenye wajibu wa kwenda kule ambako mkopeshaji hawezi kukanyaga.

Ukijani wa maji uko wapi

Uniti moja ya maji ni lita 1,000, na uzito wake ni tani moja. Kila uniti inayopanda kutoka ziwani au kisimani hadi kwenye tenki la kilimani imebebwa na umeme au dizeli. Mradi wa kutoa maji Ziwa Victoria kwenda Kahama na Shinyanga, uliojengwa kwa fedha za ndani na kuzinduliwa mwaka 2009, uliwatoa watu kwenye kufukua mchanga wa mito mikavu, na baadaye bomba likasogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Ulikuwa uamuzi sahihi. Hata hivyo ni maji yanayosafiri mbali sana, na pampu zake za Ihelele, kando ya ziwa, hazijui mwaka wa bajeti nzuri na mwaka wa bajeti mbaya. Zinataka umeme kila siku. Kwenye mradi wa namna hiyo, ukijani ni nishati kwanza. Kijijini nako ni hivyohivyo: pampu ya dizeli iliyobadilishwa kuwa ya jua inapunguza moshi, lakini faida anayoiona mwenyekiti wa jumuiya ya watumiaji maji ni kwamba hachangishi tena fedha ya mafuta kila Ijumaa.

Upande wa pili ni upotevu. Lita inayovuja ardhini imeshatibiwa dawa na imeshasukumwa kwa umeme, kwa hiyo inapopotea inapotea na gharama zake zote. EWURA, mdhibiti wa huduma hii, ameweka kipimo kwamba upotevu usizidi asilimia 20 ya maji yanayozalishwa. Mamlaka nyingi bado ziko juu ya hapo. Kuziba mivujo na kubadilisha dira zilizochoka ni kazi ya kijani kuliko nyingi zinazoitwa hivyo, na ndiyo inayopata fedha kwa shida zaidi, kwa sababu hakuna kiongozi anayealikwa kukata utepe kwenye shimo lililofukiwa.

Majitaka ni suala la tatu, na kwa miji yetu ni aibu ya wazi: tunajenga bomba la kuingiza maji mtaani bila kujiuliza yatatokea wapi yakishatumika. Suala hilo linastahili makala yake.

La nne ni chanzo: msitu, mteremko, ukingo wa mto, chemchemi. Hapa ndipo neno kijani lina maana yake ya asili kabisa, na hapa ndipo fedha ni haba. Nitalirudia.

Kutoka mita 400 hadi shilingi 50

Mwaka 1971 serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini, kwamba ifikapo 1991 kila kaya ipate maji ndani ya mita 400. Maji yalikuwa bure, wafadhili waligawana mikoa, na visima na mitambo ikajengwa kwa wingi. Ulipofika 1991 lengo lilikuwa mbali, na sera ya maji ya mwaka huo ikaanza kuzungumzia uchangiaji wa gharama. Sera ya 2002 ikakaza uzi huo. Kisha ikaja Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji kuanzia 2006, na pamoja nayo miradi ambayo halmashauri zote zinaikumbuka kwa jina la "vijiji kumi", kwa kuwa kila halmashauri ilitakiwa kuchagua vijiji kumi vya kuanzia.

Vituo vya kuchotea maji vijijini vilipohesabiwa kimoja kimoja nchi nzima katika miaka hiyo, takribani vinne katika kila kumi vilikutwa havitoi maji. Pampu ipo, zege lipo, jina la mfadhili limechongwa ukutani, koki imekauka. Sababu zilikuwa za kawaida mno: hakuna aliyetenga fedha ya kipuri, dizeli ilipanda bei, kamati ilivunjika, au kisima chenyewe kilikauka kwa sababu miti iliyokuwa juu yake imekatwa. Kila mjadala wa fedha za maji ungepaswa kuanzia kwenye koki hizo. Zinathibitisha kwamba kujenga ni nusu ya kazi, na kwamba fedha ya kujengea ikiisha huwa hakuna fedha nyingine nyuma yake.

Kuanzia mwaka wa fedha 2013/14 ilianzishwa tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya maji. Dereva wa bodaboda anayeweka lita tatu asubuhi huwa amechangia shilingi 150 kabla hajapata abiria wa kwanza. Fedha hizo huingia Mfuko wa Taifa wa Maji, ambao leo unasimama juu ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, sheria hiyohiyo iliyoizaa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Wabunge walidai zaidi ya mara moja tozo ifike shilingi 100. Serikali ilikataa kwa hofu kwamba nauli na bei za vyakula zingepanda pamoja nayo.

Tozo hii ina nguvu ambayo haisifiwi vya kutosha: inaingia kila siku, kwa shilingi, bila kumsubiri mfadhili. Udhaifu wake uko kwenye mzizi. Tunalinda maji kwa fedha inayopatikana pale mafuta yanapochomwa. Magari ya Dar es Salaam yanahamia kwenye gesi asilia, na pikipiki za umeme zimeanza kuonekana barabarani. Kila chombo kinachohama ni habari njema kwa hewa, na ni shilingi 50 zinazoondoka kwenye kila lita isiyonunuliwa. Mfuko ambao mapato yake yanashuka kadiri nchi inavyokuwa ya kijani hauwezi kuwa nguzo ya miaka 30 ijayo.

Hoja ya kwamba serikali ibebe yote

Wanaosema maji yagharimiwe na kodi wana hoja nzito. Kipindupindu hakiulizi nani amelipa bili. Nyumba moja isiyo na maji safi inauhatarisha mtaa mzima, kwa hiyo faida ya maji haimwishii anayeyanywa. Kaya za vijijini zimetawanyika, na bomba la kilomita tatu linalohudumia nyumba 40 halitarudisha gharama zake hata katika miaka 50. Anayetembea na ndoo kichwani saa mbili kila asubuhi ni mwanamke au binti, na muda wake hauko kwenye hesabu za benki yoyote. Mambo haya hayalipwi na soko. Yanalipwa na serikali au hayalipwi kabisa.

Tatizo ni jinsi fedha hiyo inavyosafiri. Bungeni inapitishwa bajeti. Kinachotolewa na Hazina ni kitu kingine, na kinatolewa kwa tarehe nyingine. Mkandarasi amechimba mtaro, amewasilisha cheti cha malipo, cheti kinakaa. Mvua inafukia mtaro. Fedha inapofika, mtaro unachimbwa tena na bei ya bomba imepanda. Gharama hii ya kuchelewa haiandikwi popote kama gharama, na pengine ndiyo riba kubwa kuliko zote tunazolipa.

Pia serikali, kama serikali nyingine zote, huvutwa na kitu kikubwa. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua kiasi kwamba uzalishaji wa maji ya Dar es Salaam na Kibaha ulishuka kutoka takribani lita milioni 460 hadi milioni 300 kwa siku. Mgao ulikuwa mkali. Jibu lililopewa kipaumbele lilikuwa Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, lililozungumzwa kwa miongo na hatimaye likaanza kujengwa, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 300, likikusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190. Ninaliunga mkono bwawa hilo. Jiji la mamilioni ya watu haliwezi kuishi kwa kuangalia mawingu, na maji yanayoachiwa kidogo kidogo wakati wa kiangazi yanausaidia hata mto wenyewe. Lakini Kidunda inahifadhi maji ya Milima ya Uluguru, na sehemu kubwa ya miteremko ya Uluguru inalimwa. Udongo unaotoka kule utatua chini ya bwawa. Fedha ya kuhifadhi maji imepatikana. Fedha ya kuushikilia udongo usiyafuate maji haijatengwa kwa uzito unaolingana.

Hatifungani ya Tanga kwa hesabu ya ndoo

Hatifungani ya Tanga ilitolewa kwa miaka 10 na riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Wanunuzi walijitokeza kuzidi kiasi kilichotafutwa, kama asilimia 103. Lengo kuu ni kupanua miundombinu ya jiji la Tanga na maeneo jirani, ikiwamo Muheza, ili uzalishaji upande kutoka uniti 45,000 hadi 60,000 kwa siku. Aliyenunua ni mkopeshaji. Anapata riba kisha anarudishiwa mtaji wake. Hamiliki hata koki moja. Na deni linalipwa kutokana na mapato ya mamlaka, maana yake kutokana na bili.

Hesabu inaweza kufanyika hapa hapa. Riba ya asilimia 13.5 juu ya bilioni 53.12 ni takribani bilioni 7.17 kwa mwaka wa kwanza. Ongezeko la uniti 15,000 kwa siku ni uniti 5,475,000 kwa mwaka. Riba hiyo ikibebwa na maji mapya peke yake, bila kupotea hata tone, kila uniti ina mzigo wa shilingi 1,310. Hakuna mteja wa nyumbani atakayeuvumilia mzigo huo juu ya bei ya kawaida, ndiyo maana unasambazwa kwa wateja wote. Chukua uniti zote 60,000 kwa siku, toa upotevu wa asilimia 20 unaoruhusiwa: zinabaki uniti 17,520,000 za kuuza kwa mwaka, na riba inakuwa shilingi 409 kwa uniti. Uniti moja ni ndoo 50 za lita 20. Kila ndoo inabeba shilingi nane za riba, mtaji haujaanza kurudishwa.

Sasa badilisha namba moja tu. Upotevu ukiwa asilimia 35 badala ya 20, mzigo unapanda hadi shilingi 504 kwa uniti. Zile shilingi 95 za ziada ni bei ya mivujo, na mteja mwaminifu ndiye anayeilipa. Kwa mtambo wa uniti 60,000 kila asilimia moja ya upotevu ni uniti 600 kwa siku, yaani ndoo 30,000. Swali la bili kupanda kwa hiyo lina jibu, nalo linategemea mafundi wa mivujo kuliko linavyotegemea soko la mitaji.

Nguvu za njia hii ni halisi. Kwanza deni liko kwa shilingi. Dola moja iliyokuwa kama shilingi 2,300 mwanzoni mwa 2023 ilipita 2,700 mwaka 2024. Mamlaka inayokusanya shilingi na kudaiwa dola ingejikuta deni limevimba bila kununua hata bomba la nyongeza. Pili kuna nidhamu. Aliyekopesha anataka hesabu zilizokaguliwa, anataka kujua makusanyo, anataka riba kwa tarehe. Fedha ya bajeti haina mtu wa kuidai namna hiyo. Tatu, fedha inapatikana kwa mkupuo, mkandarasi halali njaa, na ule mtaro haufukiwi mara mbili.

Udhaifu nao usifichwe. Tanga ilifaulu kwa sababu ni mamlaka ya zamani yenye wateja wengi, viwanda, bandari na hesabu zinazoaminika. Mji mdogo wa Nyanda za Juu au wa Lindi hauna sifa hizo, na kuuambia uige ni kuuambia ukae na kiu. Halafu neno kijani kwenye hatifungani linathibitishwa kwa orodha ya matumizi na mtathmini wa nje. Orodha ikisema bomba jipya linapunguza upotevu, imetimia. Haimuulizi mtu kama mto bado utakuwepo siku hatifungani inapoiva.

Fedha za tabianchi

Mradi wa Simiyu ndio mfano mkubwa. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha mwaka 2017 ruzuku ya zaidi ya euro milioni 100 katika mradi wa takribani euro milioni 171, pamoja na fedha za Ujerumani kupitia benki yake ya maendeleo, KfW, na mchango wa Tanzania yenyewe, ili maji ya Ziwa Victoria yafike katika wilaya kame za mkoa wa Simiyu. Kwa mkoa wenye mvua za kubahatisha na wakulima wa pamba, ruzuku ya kiasi hicho haina mbadala. Lakini ilipita miaka mingi kati ya idhini na mabomba kuanza kulazwa, kwa kuwa kila hatua ina masharti yake, washauri wake na barua zake. Fedha hizi zinafaa kwa mradi mmoja mkubwa unaoweza kusubiri. Haziwezi kuwa mpango wa nchi, kwa sababu anayeamua lini zitoke hayuko Dodoma.

Mlimani, mita 60

Maji ya Tanga yanatoka Mto Zigi. Mto huo unaanzia kwenye misitu ya Usambara Mashariki, kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, unashuka katikati ya mashamba ya vijiji vya Muheza, unaingia Bwawa la Mabayani, na kutoka hapo unachukuliwa kwenda kutibiwa. Msitu ukiwa mzima, mvua inazama ardhini na kutoka taratibu, maji meupe hata kiangazi. Msitu ukifyekwa, mvua ileile inateremka siku moja ikiwa na tope jekundu. Mtambo unameza dawa nyingi zaidi ya kugandisha tope, bwawa linajaa mashapo, na kiangazi mto unakonda. Kwa hiyo ndoo ya mjini Tanga inatengenezwa na mkulima wa Amani kabla haijafika kwa mhandisi.

Mkulima huyo anaambiwa nini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kwenye mbuga tambarare hilo ni sharti jepesi. Usambara ni kitu kingine. Eka moja ya mraba ina upande wa mita 63 na nusu hivi. Mwenye eka moja inayopakana na kijito akiitii sheria kikamilifu, anabaki na utepe wa mita tatu na nusu juu ya shamba lake, pa kupanda mstari wa mihogo na kuishia hapo. Vijito Amani viko kila bonde. Sheria imemtaka atoe karibu shamba lote kwa ajili ya mji ulio bondeni, na mji haumlipi chochote. Ndiyo sababu sheria hii inavunjwa na watu wema, na watendaji wa vijiji wanageuza macho.

Pale Zigi kuna juhudi ya kuheshimiwa. Wakulima wameunda umoja wao, UWAMAKIZI, wa kuhifadhi mazingira ya Kihuhwi na Zigi, na mamlaka ya maji imekuwa ikiuchangia. Wazo ni kuwapa njia ya kuishi isiyohitaji kulima ukingoni: mifugo ya ndani, mabwawa ya samaki, vipepeo, viungo. Karafuu, mdalasini na pilipili manga ni mazao ya miti au ya kupanda juu ya miti, yanaushika udongo. Iliki inahitaji uangalifu zaidi. Inapenda kivuli cha msitu, na wakulima wa zamani waliipanda kwa kufyeka miche yote ya chini, hivyo msitu ulionekana mzima kutoka angani huku ukiwa hauna watoto. Mambo madogo kama haya ndiyo yanayoamua kama mradi wa chanzo ni wa kweli, na hakuna hatifungani yenye kipimo cha kuyapima.

Tumewahi kujaribu kulipa moja kwa moja. Uluguru, kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kukata matuta, kupanda miti na kuacha kando za vijito, na walioombwa kulipa walikuwa watumiaji wakubwa wa maji ya Ruvu, shirika la maji la Dar es Salaam na kiwanda cha Coca-Cola. Wakulima walitimiza upande wao. Kilichokosekana kilikuwa utaratibu wa kudumu wa mlipaji. Mradi ulipokwisha, malipo hayakugeuka kuwa mfumo wa nchi.

Kenya imekwenda mbali zaidi kidogo. Mfuko wa Maji wa Tana Juu ulizinduliwa mwaka 2015 kwa ajili ya mabonde yanayoipa Nairobi karibu maji yake yote. Hesabu ya awali ilikadiria kwamba dola milioni 10 zikiwekwa kwenye matuta, nyasi za kando ya mito na vibwawa vya mashambani, zingerudisha faida ya dola milioni 21.5 katika miaka 30. Ukiichambua faida hiyo, sehemu kubwa inaangukia kwa wakulima wenyewe kupitia mavuno na kwa wazalishaji wa umeme. Kampuni ya maji ya jiji inapata fungu dogo kwa kupunguza dawa na kusafisha mashapo. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo lililopitwa na wengi. Faida ya chanzo imetawanyika kwa watu wengi mno kiasi kwamba hakuna mmoja mwenye sababu ya kutosha ya kulipa peke yake. Mamlaka ya maji ikijipimia faida yake tu, itaona bora inunue dawa zaidi. Kitu ambacho wote wananufaika nacho na hakuna mmoja anayekilipia ndicho hasa kodi ilichowekewa.

Fedha ipi iende wapi

Hatifungani iendelee, lakini kwa mamlaka kubwa zenye hesabu safi, na kabla ya kuruhusiwa kukopa mamlaka ithibitishe kwamba upotevu wake unashuka mwaka hadi mwaka. Bila sharti hilo tunamwuzia mteja deni la kujaza bomba linalovuja. Miji midogo inaweza kukopa kwa pamoja chini ya dhamana moja, ingawa hapo mwenye nidhamu hubeba uzembe wa jirani, na mimi ningependa waanze na ruzuku ya kuziba mivujo kabla ya deni lolote.

Fedha za tabianchi ziachwe kwa miradi michache mikubwa ya maeneo kame. Halmashauri zisizitegemee kupanga bajeti zao.

Bajeti ya serikali na tozo ya mafuta vibaki kwa vijiji, na sehemu yake iwekewe kufuli kwa ajili ya matengenezo, kabla ya mradi mpya kuanza. Hapa kuna maumivu. Kila shilingi inayotengeneza pampu ya zamani ni shilingi isiyofika kijiji ambacho hakijawahi kuona koki, na mbunge wa kijiji hicho ana haki ya kupiga kelele. Hata hivyo, pale vituo vinne kati ya kumi vinapokutwa vimekauka, kufufua cha zamani mara nyingi ndiyo njia ya haraka ya kumfikishia maji mtu asiye nayo. Na kwa kuwa tozo ya mafuta itazeeka pamoja na injini za petroli, Hazina ianze sasa kutafuta mrithi wake.

Chanzo kinahitaji fedha kutoka pande mbili. Serikali kuu ilipe kupitia bodi za maji za mabonde, kama ile ya Pangani ambayo Zigi iko chini yake, kwa sababu bodi hizo ndizo zinazotoa vibali vya kutumia maji na kuijua mito kwa majina, na leo zinaishi kwa ada ndogo. Mteja wa mjini naye alipe kidogo, na akione anachokilipia kwenye bili. Turudi kwenye zile uniti 17,520,000 za Tanga. Shilingi 10 kwa uniti, ambayo ni senti 20 kwa ndoo, inakusanya zaidi ya milioni 175 kwa mwaka. Tuseme mkulima aliyeacha eka yake ya ukingoni analipwa shilingi 300,000 kila mwaka mto unapopimwa na kukutwa safi: fedha hiyo inalipia karibu eka 580, zikipangwa mfululizo kando ya vijito vinavyoingia Zigi. Maombi ya bei mpya ya maji hupelekwa EWURA, na kabla hayajaamuliwa wananchi huitwa kutoa maoni. Kwenye mkutano wa namna hiyo, pamoja na wateja wa mjini, waitwe na watu wa Amani.